Miguu Ikivimba Butembo na Beni: Habari za Albumini, Protini Inayoshika Maji ya Damu

Siku ya kliniki ya wajawazito, ile ambayo Butembo nzima inaiita CPN, kazi ya kwanza ya muuguzi katika kituo cha afya huwa ni kugawa vikopo. Mama anakwenda msalani, anarudi na mkojo kidogo, muuguzi anachovya humo ukanda mwembamba wa plastiki na kutazama kimraba kimoja cha manjano. Kikibaki cha manjano, mama anaendelea kwenye mizani. Kikigeuka kijani, anaombwa akae pembeni apimwe presha mara ya pili, kisha anaambiwa kwa sauti ya chini: "Una albumini."

Ndiyo maana watu wengi katika Kivu ya Kaskazini wamelijua neno hilo kama jina la ugonjwa. Mama anarudi nyumbani akiwaambia dada zake kwamba ameambiwa ana albumini, na nyumba nzima inaingiwa na hofu. Hofu ina sababu yake, lakini inafaa tuanze kwa kuweka mambo sawa. Kila mtu ana albumini, na asiye nayo ya kutosha ndiye mgonjwa. Kosa liko pale inapoonekana kwenye mkojo, kwa sababu mahali pake ni ndani ya mishipa ya damu.

Damu ikitolewa mwilini, ikatiwa dawa ya kuizuia isigande na kuachwa itulie katika chupa, chembe nyekundu huzama chini na juu hubaki maji ya manjano yaliyopauka. Hayo ndiyo plazma. Kati ya protini zote zilizoyeyuka humo, zaidi ya nusu ni albumini: lita moja ya plazma ya mtu mzima mwenye afya ina gramu 35 hadi 50. Inatengenezwa na ini, gramu 10 hadi 15 kila siku, usiku na mchana. Nusu ya albumini iliyomo mwilini mwako leo itakuwa imevunjwa na kubadilishwa na mpya baada ya siku 20 hivi. Ini haliwezi kufanya kazi hiyo bila malighafi, na malighafi hiyo inatoka kwenye sahani.

Kazi yake kubwa ni kuyashika maji. Mishipa midogo kabisa ya damu ina kuta zinazopenyeka, na presha ya moyo inayasukuma maji nje muda wote. Albumini, kwa kuwa ni kubwa na haipenyi kwa urahisi, inabaki ndani na kuyavuta maji yarudi. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo ya kuvuta, karibu asilimia 80, inatoka kwake. Ikipungua sana, maji yanabaki nje ya mishipa, yanatuama chini ya ngozi, na kwa kuwa maji hushuka, miguu ndiyo inayovimba kwanza.

Halafu kuna uchukuzi. Yeyote aliyewahi kuona chukudu, ile baiskeli ya mbao, ikishuka na magunia ya viazi kutoka milima ya Lubero ataielewa kazi hii: albumini inabeba mizigo ambayo maji peke yake hayawezi kuibeba, mafuta yatokayo kwenye chakula na akiba ya mwili, ile rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu zilizokufa, sehemu ya kalsiamu, homoni, na dawa nyingi tunazomeza. Mgonjwa mwenye albumini kidogo anaweza kusumbuliwa na dozi ya dawa ambayo jirani yake ameimeza bila shida.

Sasa turudi kwenye kile kimraba kilichogeuka kijani. Figo huchuja damu mchana kutwa na huachia maji na taka zipite, lakini albumini huizuia. Chujio likiharibika, albumini inapita. Mwingereza Richard Bright, daktari wa hospitali ya Guy's mjini London, aliandika mwaka 1827 jinsi alivyoutambua ugonjwa wa figo kwa wagonjwa waliovimba: alitia mkojo kidogo kwenye kijiko, akakishika juu ya mshumaa, na mkojo ukaganda na kuwa mweupe kama ute wa yai. Njia ya kuuchemsha mkojo ilitumika hospitalini kwa vizazi vingi kabla ya ukanda wa plastiki, na bado inafaa mahali ambapo ukanda umeisha.

Kwa mjamzito, albumini kwenye mkojo pamoja na presha iliyofika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ni dalili ya hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Akiongeza kuumwa kichwa kusikopoa, macho kuona ukungu, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hapo haisubiriwi kesho. Dawa ipo, magnesi salfeti, nayo si ya bei kubwa. Kinachoua mara nyingi ni umbali wa barabara na saa zilizopotea. Muuguzi anayeagiza mkojo wa kila mama, hata yule anayejisikia mzima kabisa, hafanyi urasimu. Kifafa cha mimba huanza kimya.

Yai nalo lina albumini yake. Vunja yai, utenge kiini, uuangalie ute: sehemu 9 kati ya 10 ni maji, na ile moja iliyobaki karibu yote ni protini. Zaidi kidogo ya nusu ya protini hizo ni albumini ya yai. Mimina ute huo kwenye maji baridi ukoroge polepole, utayeyuka. Mimina kwenye maji yanayochemka, utaganda palepale kwa nyuzi nyeupe. Kuyeyuka kwenye maji na kuganda kwa moto ndiko kulikowafanya wanakemia wa zamani waiweke albumini ya yai na ya damu katika kundi moja. Lakini ni protini mbili tofauti, na ya yai haiingii kwenye damu ikiwa hivyo hivyo. Tumbo linaivunja vipande vidogo vya asidi za amino, ini linavipokea vipande hivyo na kuvijenga upya. Linaweza kujengea vipande vya yai, vya samaki, vya maharage, vya soya. Halibagui vilikotoka, mradi vitimie aina zote zinazohitajika.

Nayasema haya kwa sababu kuna imani iliyoenea kwamba mtu mwenye albumini kwenye mkojo asile mayai kabisa, na nyingine kwamba mtoto aliyevimba atapona akilishwa mayai kwa wingi. Ya kwanza inamnyima mama chakula ambacho yeye na mimba yake wanakihitaji. Ya pili inaweza kumuua mtoto, na hapo ndipo tunafika kwenye ugonjwa unaoijua Kivu kuliko tunavyopenda kukiri.

Ugonjwa huo ni bwaki. Duniani unaitwa kwashiorkor, kwa jina alilolichukua daktari Cicely Williams katika lugha ya Wagaa wa Ghana ya leo. Aliandika habari zake mwaka 1933, na miaka miwili baadaye akalitangaza jina hilo katika jarida la Lancet. Mtoto wa bwaki hafanani na picha ya njaa waliyoizoea watu. Mashavu yamejaa, miguu imenenepa, tumbo limetuna. Nywele zinabadilika rangi, zinakuwa nyekundu-nyekundu au za kijivu, laini, zinang'oka kwa kushikwa tu. Ngozi inapata madoa meusi na kubambuka kama iliyoungua. Na mtoto mwenyewe amenuna. Hachezi, hatabasamu, ukimgusa analia, chakula hakitaki. Jirani anayepita anaweza kusema mtoto amenawiri, kumbe ni maji.

Kivu ina historia ndefu na ugonjwa huu. Huko Bukavu, katika miaka ya 1960, watu walianzisha kamati iliyojiita waziwazi Comité Anti-Bwaki. Lwiro, magharibi mwa Ziwa Kivu, palipojengwa kituo kikubwa cha utafiti enzi za Wabelgiji, pamekuwa na hospitali ya watoto ambako bwaki imechunguzwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1993 Michèle Dramaix, Philippe Hennart na wenzao walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, matokeo ya uchunguzi wa watoto waliolazwa huko. Walitaka kujua ni kipimo gani siku ya kulazwa kinachoonyesha nani yuko katika hatari ya kufa. Kiasi cha albumini katika damu, kikisomwa pamoja na unene wa mkono na uvimbe, ndicho kilichowatenganisha vizuri watoto waliokuwa ukingoni na wale waliokuwa na nafasi.

Naona ni jambo la kukumbukwa, kwamba maarifa ambayo dunia nzima ya tiba ya watoto imeyatumia yalitoka kwa watoto wa Kivu na kwa wauguzi waliowachoma sindano asubuhi moja baada ya nyingine. Leo hatuhitaji maabara kufika karibu na jibu hilo. Ukanda wa rangi unaozungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto, ukisoma chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, unatosha kutangaza utapiamlo mkali. Na kidole gumba kinatosha kutangaza bwaki: kibonyeze juu ya unyayo wa kila mguu kwa sekunde tatu, kisha ukiondoe. Mguu mzima haubakizi alama. Mguu wa bwaki unabaki na shimo, na shimo lazima liwe kwenye miguu yote miwili. Uvimbe wa mguu mmoja una sababu nyingine, labda jipu au kuumia.

Kwa miaka mingi vitabu vilieleza bwaki kwa mstari mmoja ulionyooka: chakula hakina protini, ini linakosa malighafi, albumini inashuka, mtoto anavimba. Hugh Trowell na wenzake, waliofanya kazi Mulago mjini Kampala, waliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huu mwaka 1954, na wakati huo dunia ilisadiki kwamba tiba ni protini. Kisha mstari ukaanza kukatika. Mwaka 1982 daktari Michael Golden alionyesha kwamba watoto waliopewa chakula chenye protini kidogo sana walipoteza uvimbe kabla albumini yao haijapanda. Mwaka 2013 wachunguzi waliowafuatilia mapacha wa Malawi waliripoti kwamba pacha mmoja anaweza kupata bwaki na mwenzake akabaki mzima ingawa wanakula chungu kimoja, na kwamba bakteria wa matumbo yao hawafanani. Mwaka 2015 mtaalamu wa figo za watoto, Mwingereza Malcolm Coulthard, aliupitia ushahidi upya akatetea maelezo ya kale: albumini ya chini ndiyo inayoleta uvimbe.

Mabishano hayo hayajaisha, lakini jambo moja halibishaniwi na yeyote anayetibu watoto hawa: bwaki haiji kwa chakula peke yake. Surua, malaria, kuhara na kifua humpokonya mtoto albumini hata kama jana alikula, kwa sababu wakati wa maambukizi ini hupunguza kwanza kazi hiyo na kutengeneza protini za kupigana. Mtoto aliyeishi kwa fufu ya muhogo tangu aachishwe ziwa, akapata surua, ndiye anayevimba wiki chache baadaye. Mwaka 2019, wakati macho ya dunia yalikuwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, surua iliendelea kuua watoto Kongo nzima. Kufikia Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo zaidi ya 6,000 katika mlipuko huo. Ebola haikufika nusu ya hapo.

Kwa hiyo tiba ya bwaki imegeuzwa. Mtoto mgonjwa sana, asiyetaka kula, hulazwa katika kitengo kinachoitwa UNTI, na siku za kwanza hupewa maziwa ya F-75, yenye gramu 0.9 tu za protini katika mililita 100. Kiasi hicho ni kidogo kwa makusudi. Ini lililochoka na figo zilizodhoofika haziwezi kumudu mzigo mkubwa wa protini na chumvi kwa ghafla. Uvimbe ukianza kupungua na hamu ikirudi, ndipo anapandishwa kwenye F-100 au kwenye pakiti za karanga tunazoziita Plumpy, zilizobuniwa mwaka 1996 na Mfaransa André Briend pamoja na Michel Lescanne. Mtoto aliyevimba kidogo, mwenye hamu ya kula na asiye na homa, anatibiwa akiwa nyumbani kwao kwa pakiti hizo, akirudi kituoni kila wiki. Bibi anayemlazimisha mjukuu aliyevimba kumeza mayai manne ili apate nguvu anafanya hivyo kwa mapenzi, na mapenzi yake yanamweka mtoto hatarini.

Kinachouma zaidi ni mahali yanapotokea haya. Butembo na Beni si nchi ya jangwa. Lubero inalima maharage, viazi, ngano na mboga kiasi cha kulisha miji ya mbali. Ziwa Edward lina samaki, na malori ya Kyavinyonge yanapanda Butembo na tilapia na kambale. Mafuta ya mawese, mchele, kahawa na kakao vinatoka ardhi ya Beni. Kasindi, mpakani na Uganda, ni mlango ambao mayai ya Waganda huingilia kwa maelfu ya trei. Maharage makavu yana protini kati ya asilimia 20 na 25. Unga wa muhogo una moja au mbili tu. Sahani ya maharage yaliyopikwa, gramu 150 hivi, inampa mlaji protini sawa na mayai mawili, kwa bei ambayo mama yeyote wa soko anaijua bila kuuliza. Sombe, yaani majani ya muhogo, likitwangwa na kupikwa vya kutosha, linachangia sana kuliko watu wanavyolithamini. Uji wa masoso, wa mahindi, soya na mtama, uko kwenye vibanda vya Butembo.

Sasa kwa nini mtoto anavimba? Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wanauawa kwa mapanga na risasi, wengi wao wakiwa shambani au njiani kwenda shambani, na kundi la waasi la ADF ndilo linalotajwa kuhusika na sehemu kubwa ya mauaji hayo. Mkulima wa Mbau au wa Eringeti aliyekimbilia mjini ameacha maharage yakikaukia shambani na kuku wakiokotwa na wapita njia. Mjini ananunua. Anayenunua kwa faranga chache hununua kinachoshibisha, na kinachoshibisha kwa bei ndogo ni muhogo. Kakao inavunwa kwa hofu, inauzwa, na fedha yake inalipa kodi ya chumba. Hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri haijamrudisha mkulima huyo shambani kwake. Ukipima albumini ya mtoto wake unapima pia barabara ya Oicha, maana barabara ikifungwa, sahani ndiyo ya kwanza kujua.

Nimesikia watu wakisema dawa ya yote haya ni yai moja kwa siku kwa kila mtoto. Yai ni chakula kizuri, na miiko iliyowakataza akina mama na watoto mayai katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kati ni vema imeanza kufa. Lakini hata hapo inafaa kuwa na kiasi. Ekuador, mwaka 2017, watafiti walipata kwamba watoto wadogo waliokula yai kila siku kwa miezi sita walirefuka kuliko wenzao. Utafiti wa namna hiyo ulirudiwa Mangochi, Malawi, na urefu haukubadilika. Watoto wa huko, wanaoishi kando ya ziwa, walikuwa tayari wanakula samaki. Kwa mwenye Ziwa Edward mlangoni na maharage ya Lubero mezani, yai ni nyongeza. Kwa aliyekimbia vita na kubaki na fufu, yai linaweza kuwa kila kitu, ila yeye ndiye asiyeweza kulinunua.

Kuna albumini nyingine iliyopita katika miji hii miwili, ambayo wachache wanajua walipewa. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola uliokuwa umeanzia Mangina, magharibi mwa Beni. Ulidumu karibu miaka miwili, hadi 25 Juni 2020, na ukaacha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Wiki moja tu baada ya kutangazwa, chanjo ya rVSV-ZEBOV, ambayo sasa inauzwa kwa jina la Ervebo, ilianza kudungwa Mangina. Zaidi ya watu 300,000 waliipata kabla ya mlipuko kwisha.

Ndani ya kila dozi ya mililita moja mna virusi hai vilivyodhoofishwa na vitu vya kuvihifadhi. Kimojawapo ni miligramu 2.5 za albumini ya binadamu. Haikutolewa kwa binadamu yeyote. Wanasayansi walichukua agizo la kijeni ambalo ini la mtu hulitumia kutengeneza albumini, wakalitia kwenye mmea wa mpunga, na mpunga ukaijaza albumini hiyo kwenye punje zake. Kazi yake kwenye kichupa ni kuvikinga virusi visiharibike na visinate kwenye kioo. Ndiyo sababu maelezo ya chanjo hiyo yanamwonya mtu mwenye mzio wa mchele.

Natamani jambo hilo lingeelezwa barabarani Butembo mwaka 2018, kwa Kinande na kwa Kiswahili. Watu waliuliza kuna nini ndani ya sindano, na swali lao lilikuwa la haki. Wengi walijibiwa kwa kuhimizwa tu. Mwezi Desemba mwaka huo Beni na Butembo zikaondolewa kwenye uchaguzi wa rais kwa sababu ya Ebola na usalama, na maneno kwamba ugonjwa ni biashara yakapata miguu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi akiwa mkutanoni kwenye kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Mtu ambaye ameelezwa kwamba ndani ya kichupa mna protini ileile iliyo kwenye damu yake, na imetoka kwenye mpunga, amepewa kitu cha kufikiria. Aliyenyimwa maelezo amebakiwa na uvumi.

Waliougua hawakukosa cha kuifundisha dunia. Plazma yetu, pamoja na albumini, ina kundi lingine la protini, globulini, na kingamwili zimo humo. Mwaka 1995 huko Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 wa Ebola damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Kutoka kwa mtu mmoja aliyenusurika Kikwit ilipatikana baadaye kingamwili iliyoitwa mAb114. Kuanzia 20 Novemba 2018, ilijaribiwa pamoja na dawa nyingine tatu katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika utafiti uliobeba jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Kati ya waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35.1, kati ya waliopewa REGN-EB3, asilimia 33.5, kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu. Mnamo Agosti 2019 utafiti ulisimamishwa ili wagonjwa wote wapewe zile mbili zilizoshinda, na mwishoni mwa 2020 zote mbili ziliidhinishwa Marekani. Mgonjwa wa Ebola ya aina ya Zaire popote duniani leo anatibiwa kwa maarifa yaliyopatikana kwenye vitanda vya Katwa na Beni.

Dawa hizo hazikufanya kazi peke yake. Ebola hutoboa mishipa midogo, hushambulia ini na kumtoa mgonjwa maji kwa kuhara na kutapika. Kati ya wagonjwa 27 waliotibiwa Marekani na Ulaya wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi, albumini ya chini ilikuwa jambo la kawaida. Kilichowavusha wengi ni kupimwa damu kila siku na kurudishiwa maji na chumvi kwa uangalifu. Vifaa vya kupima damu kando ya kitanda vilifika Beni kwa ajili ya Ebola. Ni aibu kwamba mtoto wa bwaki katika mji huohuo mara nyingi hapimwi chochote zaidi ya uzito.

Kuna watakaouliza kwa nini basi mgonjwa aliyevimba asitundikiwe chupa ya albumini. Chupa hizo zipo. Edwin Cohn wa Harvard ndiye aliyebuni njia ya kuitenga kutoka plazma ya wachangiaji damu, na zilianza kutumika kwa majeruhi wa Pearl Harbor mwaka 1941. Ni ghali mno, na hazifanyi miujiza: utafiti mkubwa wa Australia na New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha wagonjwa mahututi karibu 7,000, haukuona tofauti ya vifo kati ya waliopewa albumini na waliopewa maji ya chumvi. Kwa mtoto wa bwaki haisaidii kuitia kwenye mshipa. Lazima ini lake lipone, liitengeneze lenyewe.

Basi wewe mzazi, nawe bibi unayekaa na wajukuu, jioni hii kabla mtoto hajalala shika miguu yake miwili, bonyeza kwa kidole gumba juu ya kila unyayo, hesabu polepole hadi tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, usimpe mayai ya kumtia nguvu, wala usingoje siku ya soko. Mpeleke kesho asubuhi kituo cha afya. Na kama ana homa, au anakataa kula, au amelegea, mpeleke usiku huohuo hospitali yenye UNTI. Nanyi mnaosimamia zone za afya, hakikisheni maziwa ya F-75 yapo siku mtoto anapofika, na ukanda wa CPN haukosekani. Plumpy ni dawa ya mtoto na haiuzwi: anayekuuzia sokoni amemnyang'anya mgonjwa.